Mguu Mmoja wa Hina

Dumu lenyewe lilikuwa la plastiki, rangi ya kahawia, la lita tatu, na ndani yake mlikuwa na maji kidogo yenye harufu kali. Nilikabidhiwa kwenye dirisha la maabara, mbele ya foleni nzima, na aliyenipa akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mama, mkojo wote wa siku nzima uingie humu. Wote. Usibakishe hata tone." Nyuma yangu alikuwako mzee mmoja wa Ndia Kuu aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Nililificha dumu ndani ya buibui nikatoka bila kuaga.

Naandika haya kwa sababu huenda nawe umepewa dumu kama lile, nawe umelificha. Mambo ya udaktari sitayaeleza, yana wenyewe. Nitaeleza yaliyonipata, na kosa nililolifanya, lililonichelewesha miezi mitano na nusura linitie kaburini.

Jina langu Zuhura. Ni fundi wa hina, kazi niliyorithi kwa mama. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, uchochoro wa pili ukiteremka kutoka barabara ya Ndia Kuu. Juu tunakaa mimi na mume wangu Athumani, karani wa bandarini, mtu wa maneno machache. Binti yetu wa pekee ameolewa Malindi. Chini anakaa mama yake Athumani, yaani mavyaa wangu, Bi Mwanaisha. Yeye ni mjane tangu miaka kumi na moja iliyopita, magoti yake mabovu, ulimi wake mzima.

Ugonjwa ulianza Mfungo Mosi, mwezi ule baada ya Ramadhani ambao harusi hufuatana na fundi wa hina hana nafasi hata ya kujikuna. Nilikuwa nimeinama kwenye miguu ya bibi harusi, nachora ua la kwanza, mara moyo ukaanza kwenda mbio. Haukuwa mwendo wa mtu aliyepanda ngazi. Mshipa wa shingo uligonga mpaka nikausikia kwenye meno, kichwa kikapwita, jasho likanitoka hadi kwenye viganja. Bibi harusi akasema, "Bi Zuhura, mbona umekuwa mweupe kama sima?" Robo saa ikapita, jambo lile likatulia lenyewe. Nikaenda kukojoa, nikakojoa mkojo mwingi wa ajabu, nikanywa maji, nikarudi kazini. Nilidhani ni njaa.

Likarudi wiki ile ile, kisha likawa halihesabiki. Mara nyingi lilinikuta nimeinama, nafua, nafagia, au nasujudu. Nikawa naswali nimeketi kwenye kiti, na watu wakadhani nina magoti kama ya mavyaa.

Kusi yote ya mwaka ule, miezi ile ya upepo wa kusini, niliimaliza kwenye mabenchi ya hospitali. Ukifika kwa daktari, shetani wako amekwisha kwenda zake na presha i sawa. Mmoja aliniambia ni umri, hedhi yataka kukoma. Wa pili aliniuliza kama nina matatizo na mume. Wa tatu hakuuliza kitu, aliandika dawa ya usingizi. Benchi moja nalikumbuka kwa wema. Lilinianza nikiwa nangoja, na mama mmoja aliyevuka feri kutoka Likoni, wala hatujuani, akanishikia mkoba, akanipepea na bahasha ya picha yake ya mapafu mpaka likapita. Akaniambia, "Pole, dada, na mimi langu lilikuwa hivi hivi halionekani." Jina lake sikumuuliza, na hilo najutia.

Nyumbani niliambiwa nipumzike. Athumani aliniambia hivyo asubuhi na jioni, mpaka nikalichukia neno lenyewe. Nilikonda, kanzu zikanining'inia. Mavyaa alinitazama nikishuka ngazi huku nimeshika ukuta, akasema, "Mimi nimezaa sita, nimezika watatu, na moyo wangu haukwenda mbio kwa kuinama. Wewe wajifikiria mno."

Nilikasirika, tena sana. Lakini mavyaa hajibiwi.

Aliyeniamini kwanza ni daktari mmoja wa kike, zahanati yake iko upande wa Ganjoni. Alinilaza kitandani akanibonyeza tumbo, na alipofika chini ya mbavu za kulia, likanianza hapo hapo mikononi mwake. Hakushtuka. Aliufunga mkanda wa presha, akaangalia namba, akaniangalia mimi, akafunga tena mkono wa pili. Kisha akauliza, "Nani amekwambia huu ni wasiwasi?"

Akanieleza kwa maneno ya kawaida. Mtu akifukuzwa na mbwa, mwili humwaga dawa yake ya kukimbia, moyo uende mbio na jasho litoke. Mimi huenda nina kitu juu ya figo kinachoimwaga dawa hiyo hovyo, mbwa hayuko. Dawa hiyo hutoka kwenye mkojo, na mabaki yake hupimwa maabara Nairobi. Kwa hiyo dumu. Siku tatu kabla nisiguse kahawa, chai, chokoleti, ndizi, wala kitu chenye vanila, na dawa ya maumivu nisimeze bila kumuuliza. Akasisitiza jambo moja. "Siku ya kukusanya, ishi kama siku zako zote. Nataka mkojo wa siku yako ya kweli."

Siku tatu bila kahawa, mwanamke wa Mji wa Kale! Kichwa kiliniuma cha kahawa juu ya kichwa cha ugonjwa. Mavyaa naye alipika ndizi mbivu za nazi siku zile zile, harufu ya iliki ikapanda ngazi ikaingia chumbani.

Ikaja Jumatano. Mkojo wa kwanza wa alfajiri unamwagwa, kuanzia hapo ni dumuni tu mpaka alfajiri ya pili. Dumu lilitakiwa kukaa kwenye baridi. Mavyaa akasimama mbele ya friji mikono kiunoni. "Hini friji ina maziwa ya watu. Najisi haiingii humu mimi ni hai." Athumani akanunua barafu kwa jirani, akajaza ndoo, dumu likakaa bafuni. Mpaka adhuhuri sikupoteza tone.

Lakini alasiri nilikuwa na bibi harusi mtaa wa Kibokoni. Ahadi ya miezi miwili. Nililisimamia lile dumu bafuni nikafikiri. Nani ataingia nyumba ya harusi na dumu la mkojo? Kule kuna udi, kuna asumini, bibi wazima wamekaa mkekani, na mimi niingie na najisi ndani ya kikapu kimoja na hina ya bibi harusi? Nikaona haya. Nikajiambia, ni saa mbili tatu tu, nitajizuia. Dumu nikaliacha.

Likanijia Kibokoni, nikiwa kwenye mguu wa pili, kubwa kuliko yote ya nyuma. Lilipotulia, mkojo ukanibana kama kawaida yake. Nilijizuia mpaka nikatetemeka, mwisho nikaenda chooni kwao, nikamwaga kopo moja la maji, ukaenda. Kosa langu lote ndilo hilo.

Kesho yake nikapeleka dumu. Bwana wa dirishani aliitwa Mwachiro, mtu wa Rabai, mpole, kalamu yake daima iko sikioni. Akauliza, "Umekusanya wote?"

"Wote."

"Hakuna uliomwagika?"

"Hakuna."

Akanisogezea karatasi nikatia sahihi.

Majibu yakarudi kutoka Nairobi. Kila kitu kawaida. Daktari alisoma karatasi mara mbili, nikaona uso wake umenywea. Akasema dawa hii mwilini haimwagwi kila saa, huja na kwenda, basi tutarudia siku za mbele, kwa sasa nitumie vidonge vya presha. Hapo ndipo ningesema. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi. Nilijua kabisa mbwa wangu alipita wapi, alipita choo cha Kibokoni. Lakini nilikuwa nimekwisha sema uongo na kuutilia sahihi, na haya ya pili ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Nikasema ahsante, daktari, nikaondoka.

Karatasi ile nyumbani ikawa shahidi dhidi yangu. "Wenyewe wasema huna kitu," mavyaa akasema, na kwa kweli angesema nini? Athumani akahamia kulala sebuleni, eti nipate nafasi ya kupumzika. Nikalia kwa sauti ya chini, maana hata kulia kungehesabiwa wasiwasi.

Kaskazi ikaingia na joto lake. Siku moja nikiwa na bibi harusi, likanianza ghafla, mkono ukaruka, mstari wa piko, ile rangi nyeusi ipakwayo pamoja na hina, ukakata muundi wake kutoka kifundoni hadi karibu na goti. Piko haifutiki. Mama yake hakunitukana. Alinipa mkono tu, akanisindikiza mpaka mlangoni. Baada ya hapo simu ikanyamaza. Niliisikia sababu sokoni, wala sikuambiwa mimi, kwamba Zuhura ana nuksi na harusi ya mtu si ya kuchezewa. Watu wakishakuita nuksi, hina yako hata iwe nzuri vipi haina mguu.

Mavyaa akaamua nikasomewe. Sikukataa. Mwalimu ambaye mavyaa alinipeleka kwake ni mzee anayefundisha watoto msahafu, uchochoro wa nyuma yetu. Alisoma kwa utulivu, nami nimeinamisha kichwa, na kule kuinama kukaliamsha. Mwalimu akasita. Kunigusa hawezi, mimi si maharimu yake. Akamwambia mavyaa, "Bi Mwanaisha, mshike mkono hapa, vidole viwili. Hesabu."

Mavyaa alihesabu, akapotea hesabu, akaanza tena, akapotea tena. Nilimwona uso wake ukibadilika.

Mwalimu akasema, "Dua nimesoma, na nitaendelea kusoma. Lakini mshipa huu mimi siujui. Mrudisheni hospitali, na msikawie."

Tulirudi nyumbani. Kwenye ngazi za chini mavyaa akakaa, akanivuta nikakaa karibu naye. Akasema, "Ule si wasiwasi. Nimeuhesabu." Basi nikamwambia yote, Kibokoni, choo, sahihi. Nilidhani atanitetea kidogo. Wapi!

"Haya? Haya gani hino ya kumtia mtu kaburini? Siku namzaa huyo mumeo, uchungu ulinishika dukani. Wanaume wawili waliniinua na kiti, wakanipitisha Ndia Kuu nzima, nayo maji yatiririka, mato ya watu yote yaniangalia. Nimekufa kwa haya? Kesho twenda."

Na kesho yake alikwenda nami, magoti na yote. Kwenye dirisha la maabara nikamwambia Mwachiro kwamba nilimdanganya. Alitoa kalamu sikioni akaiweka chini. Hakucheka wala hakukunja uso.

"Si wewe wa kwanza, mama. Kuna waliomwaga nusu wakajaza maji ya mfereji."

Mavyaa akamuuliza hiyo mashine ya Nairobi yajuaje yaliyomo. Mwachiro akafurahi kuulizwa. Alisema vitu vilivyomo kwenye mkojo hutenganishwa kwanza, kila kimoja kipite kwa zamu yake, kisha hupitishwa kwenye chombo kidogo chenye umeme hafifu. Ile dawa ya kukimbia ikipita pale, hutoa chembe ya umeme wake, na mashine huisoma. Ndiyo maana wanakataza kahawa na vidonge, vingine hupita zamu moja nayo vikaichanganya. "Ni chombo chepesi kuhisi, bibi. Kitu kidogo mno kinakiona. Lakini husoma kilichomo dumuni. Kilichokwenda na maji Kibokoni hakuna mashine ya kukisoma."

Daktari naye nilimwambia. Alinikemea kwa haki, akaandika fomu mpya. Akanionya nisijilazimishe kulileta, ila nisikimbie kazi zangu, awepo mtu karibu siku nzima, na kifua kikiuma nikimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Dumu la pili likakaa kwenye ndoo ya barafu siku ya Jumamosi. Athumani aliomba ruhusa kazini. Asubuhi ikapita salama, adhuhuri ikapita. Mara ya kwanza katika miezi tisa nilikuwa nalingoja lije, halikuja. Siku yangu ya kweli ni siku ya kuinamia miguu, na miguu ilikuwa imenikimbia. Sikuwa na bibi harusi hata mmoja wa kunipigia simu.

Baada ya alasiri nikasikia ngazi. Hatua moja, kupumzika, hatua moja. Mavyaa hakuwa amepanda juu miaka miwili. Akaingia anahema, akakaa kwenye kiti changu cha kazi, akavua malapa, akapandisha kanga mpaka muundini.

"Nipake."

"Mavyaa, wewe?"

"Kwani miguu yangu ina pembe?"

Lazima mjue kwamba tangu kufiwa, mwanamke huyu hakutia hina hata ukuchani. Eda ilikwisha, binti zake wakamwomba, wajukuu wakamwomba. Akiwajibu ni hivyo hivyo kila Idi: hina ni ya mwenye kuangaliwa. Sasa miguu ile imewekwa mbele yangu, mikavu, visigino vimepasuka, mifupa ya vifundo imetokeza. Nikamuuliza achovywe vidole tu, kama wazee?

"Maua," akasema. "Nikifanya jambo nalifanya. Usinipunje."

Nikachukua koni ya hina, nikainama, nikaanza mguu wa kushoto. Nilimjaza kucha, nikamchorea kama bibi harusi, ua, jani, na mkufu kuzunguka kifundo. Athumani alikuwa amesimama mlangoni. Mavyaa alivuta tasbihi, na katikati ya tasbihi alilalamika kwamba hina ni baridi. Nilikuwa nafunga ua la mwisho karibu na kisigino ilipogonga shingo. Mkono ukaburuza, mstari mmoja mrefu ukatoka uani ukashuka mpaka unyayoni.

"Ndilo?" mavyaa akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Aliiacha tasbihi, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakilaza mapajani mwake, hina mbichi ikampaka kanga. Athumani hakuwa amewahi kuliona tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi hujificha chumbani, yeye hukuta nimekwisha. Siku ile aliliona lote. Nilimsikia akisema, "Lahaula," mara nyingi.

Lilipolegea mavyaa akapiga ukelele uliosikika uchochoro mzima. "Athumani! Dumu! Mkojo usije ukampotea!" Mimi na hali ile nikacheka. Nikaingia bafuni, yeye akasimama nje ya mlango na mguu wake mmoja wenye maua, na haikupotea tone.

Nilipotoka nikataka kumfuta ule mstari ulioharibika, kisha nimalize mguu wa pili. Akakataa yote mawili. "Huu uwache ulivyo. Wa kulia utangoja upone." Nikamwambia watu watacheka, mjane wa miaka sabini na mguu mmoja wa hina. "Wacheke," akasema. Na akaenda hivyo hivyo kwenye hitima, akaenda hivyo sokoni, na akiulizwa hujibu kwamba fundi wake ana kazi nyingi.

Jumapili maabara inafungwa mapema, tukatoka saa moja na nusu asubuhi. Dumu mavyaa hakunipa mimi, wala hakulifunika. Alilikumbatia mbele, kweupe, tukapita Ndia Kuu kutafuta tuktuk, maduka yanafunguliwa. Muuza vikoi mmoja akamsalimu, akauliza, "Ni juisi ya nini hiyo, Bi Mwanaisha?"

"Mkojo wa mkaza mwanangu," akajibu. "Waenda Nairobi."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini haikunimeza, na muuza vikoi alisema tu, "Mungu amponye," akaendelea kutundika vikoi vyake.

Majibu yalichukua wiki mbili. Safari hii daktari alinipigia simu mwenyewe. Vipimo vilikuwa juu sana, hakuna shaka. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha. Najua ni jambo la ajabu kufurahia ugonjwa, lakini miezi tisa nilikuwa mwongo, mwenye wasiwasi, na mwenye nuksi. Sasa nilikuwa mgonjwa tu. Picha ikaonyesha uvimbe juu ya figo ya kulia, kiasi cha ndimu. Athumani aliichukua karatasi ya majibu ya kwanza, ile ya kawaida, akaichana vipande vidogo. Usiku huo akarudi kulala chumbani.

Uvimbe kama huo hukatwi hivi hivi. Kwanza ni vidonge vya kuituliza mishipa, wiki nyingi, ama utafia mezani. Vidonge vile vikaniziba pua mchana na usiku. Nikisimama haraka, dunia inazunguka. Nami niliambiwa nile chumvi na ninywe maji mengi. Ramadhani ikanikuta katika hali hiyo, sikufunga hata siku moja. Mavyaa ana presha, chumvi hajaionja miaka, na kila adhuhuri, na saumu yake kinywani, aliniletea supu yenye chumvi tele, akakaa mpaka niimalize. "Wanipa wivu," alikuwa akisema. Sijui alimaanisha chumvi au nini.

Nilikatwa baada ya Idi, mvua za masika zinaanza. Athumani alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi magharibi, na nilipomuuliza baadaye alifikiri nini, akasema alihesabu vigae vya sakafuni. Nilipoamka nilishika shingo. Kulikuwa kimya. Kwa muda nilidhani nimekufa, ndivyo nilivyokuwa nimezoea ile ngoma. Tumboni nina matundu manne madogo, yameshakuwa makovu. Uvimbe ulichunguzwa, haukuwa wa kuenea. Lakini kitu hiki kina tabia ya kurudi, kwa hiyo dumu nitalijaza kila mwaka, inshallah, maisha yangu yote.

La kwanza baada ya kukatwa nilipewa kusi imeanza kuvuma tena. Siku ya kulijaza nilikuwa na bibi harusi, wa kwanza kuniita, na nyumba ni ile ile ya Kibokoni, mdogo wake yule wa kwanza. Niliingia na kikapu cha hina mkono mmoja na ndoo ya dumu mkono wa pili. Mlangoni nikamwambia mama wa bibi harusi kilichomo. Akaitazama ndoo, akanitazama. "Choo wakijua kiko wapi," akasema. "Weka pale pembeni watoto wasiikwae." Mambo yote yakaishia hapo. Mwaka mzima nilikuwa nimeogopa sentensi mbili.

Nakuomba wewe mwenye dumu, mwambie mwenye nyumba. Ukimwaga, sema umemwaga. Watakukemea, utapewa jingine.

Majibu yalipokuja, Mwachiro ndiye aliyenikabidhi bahasha dirishani. "Kawaida," akasema, kisha akanitazama. "Na hii niiamini?"

"Iamini."

Nilifika nyumbani baada ya alasiri. Mavyaa alikuwa amekaa kwenye kiti chake chini, mlango wazi, miguu ameinyosha juu ya mkeka. Mguu wa kushoto ulikuwa umebakiwa na hina kwenye ncha ya ukucha wa kidole gumba tu, kama mwezi mwandamo. Sikumwambia majibu, wala hakuuliza. Akausogeza mguu wa kulia mbele.

"Ndoo hapa," akaniita. "Huu umengoja."

Nikachukua koni nikainama. Nikachora ua, jani, na mkufu wa kifundoni, nikafika kisiginoni, pale mkono uliponiruka siku ile. Nikasita, nikangoja. Mavyaa naye alikuwa akingoja. Alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto, vidole viwili, pale pale alipofundishwa na mwalimu, midomo yake yahesabu.

"Waendaje?" nikamuuliza.

"Polepole," akasema. "Kama mtu aliyeshiba."

Nikamwambia basi aniachie mkono, hina inakauka. Hakuniachia. Aliendelea kuhesabu, machozi yanamtoka wala hayafuti.

"Malizia kwa huo mmoja," akasema.

Nikamalizia.